Hema la Watu Wanane

Jumamosi, Busia

Hema letu dogo halitutoshi tangu tuchukue watoto wa marehemu dada yangu, na kambi ya kanisa kule Tororo ni wiki ijayo. Sokoni lilibaki moja tu kubwa, la watu wanane. Mume wangu alipolishika, jamaa mwingine akalivuta, akampiga mume wangu ngumi ya mdomo.

Nilichomoa nguzo ya chuma ya hema nikamchapa yule jamaa mgongoni, nikamchapa kichwani, na hata alipoanguka sikuacha.

"Mama Wandera, wacha! Utaua mtu!" Mume wangu ndiye aliyenipigia kelele, akaninyang'anya nguzo. Yule jamaa aliinuliwa akivuja damu.

Hema tumelipata. Lakini Nekesa, binti wa dada yangu tuliyekwenda naye sokoni, aliyezoea kuona baba yake akimpiga mama yake, aliniuliza njiani, "Mama mdogo, na sisi utatupiga hivyo?"

Nilimwambia hapana. Hakunipa mkono kuvuka barabara.