Mabehewa ya Mkono wa Kulia

Jumapili, 7 Septemba 2025

Samahani, daftari. Tangu Mei sijakuandika hata mstari. Ukurasa wa mwisho uko na orodha ya chanjo za mtoto na doa la uji. Sina kisingizio cha maana. Mkono mmoja uko na mtoto wa miezi nane, mwingine uko na Baba. Wa kushika kalamu haukubaki.

Nianze na Baba basi. Mei tarehe kumi na tisa alianguka kule Kajiado akichota maji. Stroke. Mguu umerudi kiasi, anatembea na fimbo. Maneno yamerudi, mengi kuliko yale aliyokuwa nayo! Mkono wa kulia umekataa. Nilimleta huku Kitengela kwangu, analala chumba ambacho kilikuwa cha vitu vya mume wangu Austin, ambaye yuko kazini Doha.

Soipan, yule dada wa fizio wa hospitali, alisema tusicheze na hii miezi ya kwanza. Mkono usipofanyishwa kazi sasa, unaweza kubaki hivyo. Akatoa bakuli la ndengu. Baba ahamishe moja moja kwa mkono wa kulia mpaka bakuli lingine, asubuhi na jioni.

Baba aliangalia bakuli, akamwangalia Soipan. Akasema yeye si kuku. Ndengu ni za kupikwa.

Wiki mbili sasa. Hajagusa hata moja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechoka. Nashipae anaota meno, hataki kuwekwa chini.

Leo nilikuwa natoa vumbi kwa rafu ya Austin. Hapo ndipo anaweka zile treni zake ndogo za plastiki, za kuchapisha na printa ya rezini. Kila behewa ni urefu wa kidole gumba. Nilijua Baba amekaa kitandani, sikujua ananiangalia. Akaniuliza ile ya tatu ni ya nini. Nikasema ni behewa la magadi, Austin alilitengeneza. Akasema hapana, la magadi halina mlango hapo.

Akanyoosha mkono. Wa kulia! Haukufika mbali, uliinuka kama sentimita nne kutoka kwa goti ukaanguka. Lakini uliinuka. Kwa ndengu haujawahi.

Niandike hii kwa sababu mtu anaweza kusahau: Baba alikuwa mtu wa pointi stesheni ya Kajiado miaka ishirini na tisa. Yeye ndiye alikuwa anavuta ile lever ya kubadilisha njia, treni ya Magadi iende kwa laini yake. Huo mkono ndio ulikuwa unavuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeongea na Austin. Kule Doha walikuwa wametoka shift. Ameshangaa. Mwaka mzima nimemwambia hiyo mashine inanuka, sasa nataka kujua inawashwaje! Amenifundisha kwa video, pole pole, Nashipae akipiga kelele mgongoni. Baadaye Austin alimpigia Lorna, jirani, aje amshike.

Si ngumu. Rezini, ile plastiki ya majimaji, unamwaga kwa trei. Chini kuna skrini ya mwanga, na kila mwanga ukiwaka, utando mmoja mwembamba unakuwa mgumu. Sahani inapanda, inashuka, inapanda. Masaa matatu, na mabehewa yananing'inia kichwa chini kama popo. Unaosha na spiriti. Halafu taa ya kuyakausha. Taa imeungua. Austin akasema anika kwa jua, jua la Kitengela linatosha.

Ukubwa nimezidisha mara mbili. Kila moja kama kibiriti, mkono wa Baba uweze kukamata.

Sheria zangu, na hazina Jumapili. Printa iko stoo ya nje, mlango umefungwa na waya juu kabisa. Glavu. Maski. Shati kuukuu la Austin, ambalo halivuki mlango wa nyumba. Mikono sabuni mara mbili, ndio ninyonyeshe. Rezini mbichi si kitu cha kukaribia mtoto.

Lorna aliuliza kama sasa natengenezea mzee toys. Ati watu wazima na treni! Si nimwambie Austin atume tu TV? Nikamwambia anirudishie mtoto na asiingie stoo.

Jumatano, 17 Septemba

Siku mbaya. Kosa ni langu, wacha niliandike vizuri.

Mabehewa sita yalitoka jana safi kabisa. Nikayaanika juu ya mabati ya banda la kuku. Austin alisema dakika tatu kila upande. Lakini mimi nimelelewa na watu wa kuanika. Mahindi, ndengu, mbaazi – kitu kikianikwa kinaachwa kikauke mpaka kilie. Ningeanuaje kitu kwa dakika tatu? Nikaacha mpaka saa kumi. Nikaona yamekuwa manjano kidogo, nikasema ndio yameiva.

Leo Baba amelishika moja. Kidole kimoja baada ya kingine, kiganja chote, jasho kwa paji la uso. Amefunga mkono. Na behewa likapasuka, kraa, kama biskuti.

Aliangalia vipande kwa goti. Akasema, "Nimeharibu, mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu niko na jina la mama yake, Nthambi. Kwa kawaida anaitumia kunitania. Leo haikuwa utani.

Nilimwambia si yeye, ni jua. Sidhani aliniamini. Alilala saa tisa mchana, uso kwa ukuta.

Alhamisi, 18 Septemba

Dakika tatu kila upande. Nimesimama hapo na simu nikihesabu, kuku wakinishangaa.

Jumamosi, 20 Septemba

Hayavunjiki! Nililipiga moja kwa sakafu mbele ya Baba ndio aone. Likaruka mpaka chini ya kiti.

Nimechora reli kwa kartoni, kutoka Kajiado upande huu wa meza mpaka Magadi upande ule. Kazi yake ni kuhamisha treni, behewa moja moja. Ndengu hakuzijali, lakini haya anayakagua kama inspekta. Hili halina breki pembeni. Bila breki, anasema, kutoka hapa ni mteremko, litashuka lenyewe mpaka ziwani na kuua mtu. Nikamuuliza breki inakaaje. Amechora na mkono wa kushoto, vibaya. Nimempigia picha nikamtumia Austin.

Ni mjanja. Nikigeuka anatumia kushoto. Nageuka tena, treni yote imefika Magadi, na yeye anaangalia dirisha.

"Mkono wa kulia, Baba."

"Huo uko likizo, mwaitu."

"Likizo imeisha. Rudisha yote Kajiado."

Alirudisha. Sita, dakika arobaini. Hakucheka, na mimi sikucheka. Baadaye nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia Nashipae kwamba mama yake angekuwa stesheni masta mbaya sana.

Alhamisi, 25 Septemba

Kliniki Kajiado. Soipan alimsalimia kwa Kimaasai, supa mzee, na Baba, Mkamba kabisa, akajibu ipa kama amezaliwa Ilbissil. Hiyo ni ya stesheni, ng'ombe na wenyewe walikuwa wanapita hapo kila siku.

Amemfungua vidole, akampima. Kiganja kimeanza kushika. Amefurahi. Lakini kidole gumba bado hakijakutana na cha pili. Bila hiyo, anasema, hakuna kifungo cha shati, hakuna kijiko, hakuna kalamu. Anataka tarehe tisa Oktoba tukirudi aone gumba na kidole vinashika kitu. Kwa hivyo vitu vipungue ukubwa sasa, pole pole. Alishika behewa letu, akaligeuza. Akauliza ni duka gani. Baba akasema, "Huyu hapa," akanionyesha na kidevu.

Nimeanza breki leo. Ndogo kama punje ya mchele. Tatu zimetoka sawa, nimezibandika pembeni mwa mabehewa; mbili zimepinda.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika Nashipae akiwa amelala kifuani.

Nilikuwa nafua. Nimeingia, Nashipae kwa mkeka, mdomo umefura. Nimeingiza kidole. Behewa, nusu yake ndani. Na breki haiko pembeni!

Nilimgeuza kichwa chini, nikampiga mgongoni. Breki ilitoka na mate. Akalia. Nilikuwa sijui kulia kunaweza kuwa kuzuri hivyo.

Baba ndiye alimpa. Kwa mkono wa kushoto. Mtoto alikuwa analia, akaona amnyamazishe.

Sikupiga kelele. Nilitoa kikapu nikakusanya mabehewa yote mezani, na reli ya kartoni, nikapeleka stoo, nikafunga waya. Nikamwambia yamekwisha. Akasema hakujua. Nikasema najua hakujua, na yamekwisha.

Jumanne, 30 Septemba

Nashipae mzima. Anakula, ana choo, ameanza kutambaa. Kliniki ya watoto walimkagua, hakuna kitu.

Baba anakaa na mkono kwa mapaja kama mzigo wa mtu mwingine. Nimerudisha bakuli la ndengu. Halijasogea.

Alhamisi, 2 Oktoba

Vidole vinaanza kujikunja. Asubuhi nilivifungua kimoja kimoja nikiviosha, na vinarudi vyenyewe. Siku tano tu! Tarehe tisa ni wiki ijayo.

Austin kwa simu anasema nimekuwa mkali sana kwa mzee. Nikamwambia niko na watoto wawili, na mmoja ana miaka sitini na nane, na yule mwingine anaweka kila kitu mdomoni. Aniambie yeye nimpe nani nafasi. Halafu akasema ile breki ameichora upya, imeunganishwa na behewa, haiwezi kutoka. Amenitumia. Sijaifungua.

Kabla sijalala nilimkuta Baba amekaa na bakuli kwa mapaja. Hakuwa anahamisha. Alikuwa anaziangalia tu ndengu. Nikasema lala salama. Akasema, "Ningeweza kumuua, mwaitu. Wacha mkono ukae."

Nilimfunika miguu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Saa tano asubuhi. Naandika nimekaa sakafuni, nguo mbichi ziko kwa beseni mlangoni, wacha zikae.

Nilikuwa naanika. Mlango uko wazi, mtu akiwa kwa kamba anaona sebule yote. Baba kwa kiti chake. Nashipae anatambaa. Nikamwona anaenda kwa kasi chini ya kiti, mkono mbele, vile anafanyaga akiona kitu.

Behewa. Lile nililopiga kwa sakafu siku ile! Nilikusanya ya mezani, hilo sikulihesabu.

Baba aliliona pia. Akamshika nguo mgongoni kwa mkono wa kushoto. Nashipae akavuta. Ana nguvu, huyo mtoto, na Baba anaogopa kumwachilia. Fimbo imeanguka. Kwa hivyo kushoto kumejaa mtoto.

Nilikuwa na hatua sita kufika. Nilipiga mbili nikasimama, shuka la maji likinidondokea miguuni. Nitajiuliza siku moja kwa nini. Mtoto alikuwa ameshikwa, niliona ameshikwa. Basi nikasimama.

Mkono wa kulia ulishuka kutoka kwa mapaja. Uligusa sakafu. Ulisukuma behewa kidogo, likakimbia. Akalifuata. Alikuwa anaongea nalo, sikusikia maneno yote, nilisikia "simama hapo" na tusi moja la Kikamba ambalo sitaliandika. Kiganja hakingeingia chini ya mti wa kiti. Ni vidole tu vingeingia.

Kidole gumba kikaja. Cha pili kikaja. Likainuka.

Nilipoingia alikuwa ameliinua juu, mbali na mtoto, anahema. "Mchukue, mchukue mtoto!" Nilimchukua.

Na sasa hafungui! Vidole vimeshika, havitaki kuachia. Nilimpigia Soipan. Amecheka kwanza, ndio akasema tusivute, tuweke mkono kwa maji ya uvuguvugu, tungoje, hiyo ni kawaida, kushika kunarudi kabla ya kuachia. Halafu akauliza, ni gumba na kidole? Nikasema ndiyo. Akauliza tena.

Kwa hivyo tuko hapa. Mkono wa Baba uko kwa karai na behewa ndani yake. Nashipae amelala mgongoni mwangu. Baba anasema treni imekwama stesheni na stesheni masta yuko sakafuni anaandika barua.

Si barua, lakini karibu. Kiema, rafiki ya Austin, anatoka Doha tarehe kumi na nane, na Austin anataka orodha kamili ya vitu ambavyo bado nahitaji nitumiwe. Niviandike hapa kwanza, nisisahau:

Taa ya kukaushia. Siwezi kuhesabu dakika na kuku maisha yangu yote.

Ile plastiki ya chini ya trei, mbili. Yangu imekuwa na ukungu.

Glavu ndogo, boksi moja. Za Austin zinanipwaya.

Rezini ya kijivu, lita moja. Ile isiyovunjika upesi, kama iko.

Faili ya behewa lenye breki iliyoshikana, robo tatu ya hili. Ile ya nusu aiweke tayari, asitume mpaka niseme.

Faili ya lever ya pointi. Baba ameiulizia sasa hivi, mkono ukiwa kwa maji.

Na bati moja la kuweka yote, lenye kifuniko cha kuzungusha, kigumu. Kile ambacho mtoto hawezi kukifungua kabisa, na mtu mzima hafungui kwa mkono mmoja.