Chanja ya Neema

Jumatano jioni

Saba kati ya ishirini. Ndiyo alama niliyompa Neema wa Kidato cha Tatu kwa mchoro wake wa chanja ya kuanikia dagaa. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Mbona nyembamba hivi? Fuata vipimo vyangu!"

Leo mama yake, anayeanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, amekuja karakana kuzijaribu chanja tulizotengeneza. Akaanza na ya mfano, niliyoichora mwenyewe. Akanyoosha mkono ageuze dagaa wa katikati. Haukufika.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hii ulimpimia nani?"

Wanafunzi wakainamisha vichwa wasicheke.

Dagaa wa chanja ya Neema amewageuza wote, amesimama pale pale. Kumbe binti alikuwa amempima mama yake mkono kwa kamba.

Nimeona aibu, sikatai. Miaka yote hii nafundisha usanifu, na sijawahi kumuuliza hata mwanikaji mmoja.

Lakini Neema aliuliza. Mwanafunzi wa darasani kwangu!

Alama nimeshaifuta. Kamba nimemwomba, kanipa huku anacheka. Kesho naitundika ukutani, pale ilipokuwa rula yangu.