Mkikuyu na Askari Stesheni ya Tororo

Shangazi Rukia, shikamoo. Tumefika Tororo salama, mvua inanyesha na chapati za hapa ni laini kama pamba. Tulikuwa tunakula stesheni, mara Mkikuyu mmoja aliyetolewa juzi kizuizini walikofungwa wapiganaji wa msituni akasimama mbele ya askari mstaafu wa jeshi la Waingereza, mtu wa Nabuyoga hapa karibu.

"Wewe ndiye uliyenikamata msituni," akamwambia.

Watu wote wakaacha kutafuna. Nikamvuta mwanangu karibu.

Askari akamtazama sana. "Ndiyo wewe! Wewe alinyanyua mikono."

"Na afisa wako akakuamuru unipige risasi. Nilisikia. Mbona hukunipiga?"

"Mtu ya mikono juu napiga kwa nini? Vita yake imekwisha. Walininyang'anya cheo, basi."

Mkikuyu akacheka huku machozi yanamtoka, akaagiza chai ya watu wawili. Anatafuta kazi kiwanda cha saruji, na askari amemwambia atalala kwake mpaka aipate. Nimewaacha wakifundishana kutamka majina yao, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Wasalimie watoto, na wewe jifunike vizuri, baridi ya Nakuru isikuonee.

Mwanao akupendaye,
Mariamu