Chupa ya Jua kwenye Mtoto wa Meza

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Bahiya,

"Kaka, hata Unguja mtoto anaweza kukosa jua." Maneno hayo uliniambia kwa simu mwaka jana, mwezi wa Januari, nami nikakujibu kwamba baridi ya huko kwenu Bergen imekupanda kichwani. Leo nimekaa niyavunje kwa maandishi, kipande kwa kipande, kama ninavyovunja hoja za watu gazetini. Lakini salamu kwanza. Hata mahasimu huamkiana.

Assalaam alaykum. U hali gani, na kifua chako kinakwendaje na mvua hizo zisizokatika? Shemeji na watoto wazima? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ingawa neno hilo nimeliandika kwa mazoea na utaona mbele kwa nini kalamu ilisita. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia. Wifi yako Mwanamwema ameshaanza kuhesabu sahani za Idi, na anasema ukikosa biriani yake mwaka huu tena atakufuta katika ukoo.

Sasa tuje kwenye chupa. Ile uliyompa Hamid ailete alipotoka huko, iliyofungwa ndani ya soksi za mtoto, iko mbele yangu ninapoandika. Ni ndogo kama kidole gumba. Haijafunguliwa.

Utakumbuka nilivyosema: mtu wa Unguja kuletewa jua ndani ya chupa ni sawa na mtu wa Makunduchi kuuziwa mwani alioupanda mwenyewe. Ukoo mzima ulicheka, na mimi nilijipongeza wiki nzima. Wala sikuropoka, nilisoma. Nilisoma kwamba hiyo vitamini D, tofauti na nyingi za wenzake, mwili huitengeneza wenyewe jua likigusa ngozi. Nilisoma kwamba wauzaji wanaisifia kwa moyo, kwa sukari, kwa saratani, kwa huzuni, na kwamba watafiti walipowapa maelfu ya watu wazima wenye afya zao, miaka kadhaa, hawakuona faida nyingi walizoahidiwa. Hoja hiyo bado imesimama. Nimeikagua jana usiku, na juzi, na sijaiona ufa.

Nilichoshindwa kukiunganisha na hoja hiyo ni miguu ya Riyama.

Mjukuu wetu ametimiza miezi kumi na saba Jumatano. Hatembei. Ukimsimamisha hushika stuli, magoti yakatanuka nje, miguu ikapinda kama mpini wa kikapu. Mwanamwema alisema Himid, baba wa mtoto, naye alichelewa kutembea. Mimi nilisema mtoto mnene huyu, ana nini? Unene wake ulitughilibu sote isipokuwa Nadra, mama yake. Mwanangu alimbeba akampeleka hospitali bila kuniaga, na daktari akamwambia arudi siku ya pili na huyo babu mwenye hoja nyingi.

Daktari mwenyewe ni Ghaliya, binti wa yule fundi wa saa wa Mkunazini. Nilimsomesha historia. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali nisiyoyapenda, na hajaacha.

"Keti, Mwalimu."

"Nimesimama mbele ya darasa miaka thelathini. Nitasimama."

"Haya simama, lakini leo usinikatize."

Akanionyesha picha ya eksirei ya mkono wa Riyama. Ncha za mifupa, pale penye kifundo, zimechanuka kama mswaki uliochakaa. Akanieleza kwa lugha ambayo hata mimi sikupata pa kuibishia: vitamini D ndiyo inayouwezesha utumbo kuipokea kalsiamu. Ikikosekana, mtoto anakula, kalsiamu inapita tu, na mifupa inakua laini. Uzito wa mwili unaikalia, nayo inapinda.

"Mtoto huyu anaota jua kila siku ya Mungu," nikamwambia.

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili u nusu asubuhi. Bibi yake humtoa mpaka Mizingani, hata kama mvua ilinyesha jana yake."

"Anakuwa amevaa nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kukwama. Unaijua desturi yetu, Bahiya, nawe ulilelewa hivyo hivyo. Mtoto hatolewi uchi mbele ya macho ya watu. Riyama hutoka na soksi, kofia, fulana ya mikono mirefu na khanga juu yake, wanja umepakwa mpaka kwenye paji, ili mwenye jicho la husuda asimpate. Kinachoonekana ni pua. Mwaka mzima mjukuu wangu ameota jua kama barua ndani ya bahasha.

"Tena hilo jua lenyewe," Ghaliya akaendelea, "la asubuhi hiyo ni zuri kwa macho tu. Tazama kivuli, Mwalimu. Kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko mwenyewe, jua hilo linampa joto, vitamini haimpi ya maana. Linalofaa ni lile la kivuli kifupi, kwa dakika chache, ngozi iwe wazi, na asiachwe akaungua."

Nilirudi nyumbani nikapanda juu ya paa na fimbo yangu. Majirani waliniona. Saa mbili asubuhi kivuli cha fimbo kilikuwa kama fimbo mbili. Saa nne kilikuwa kifupi kuliko fimbo. Alasiri nikapanda tena, na nilipokuwa nimeinama kupima ndipo nilipoona haya peke yangu. Kipimo hiki nimekijua tangu chuo cha Kurani! Kivuli cha kitu kikishalingana na kitu chenyewe, ukiondoa kile cha mchana, Alasiri imeingia. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu hesabu hiyo, kwa kijiti na mchanga. Maisha yangu yote nimepima kivuli ili nijue wakati wa Mola wangu, na haikunipitikia kwamba kivuli hicho hicho kingeniambia jambo juu ya mifupa ya mjukuu wangu.

Nikamwambia Mwanamwema kuanzia kesho mtoto atolewe saa nne.

"Saa nne? Mtoto wa watu umemwona ng'onda, samaki wa kuanikwa?"

"Daktari kasema dakika chache."

"Mwaka jana umesema madaktari wanatumwa na makampuni. Mwaka huu wamekutuma wewe?"

Akaendelea kuchambua mchele wake, nami nikaokota fimbo yangu.

Kuchanganyikiwa kwangu hakukuishia hapo. Ghaliya aliniambia kwamba maziwa ya mama yana vitamini hii kidogo sana. Bahiya, unajua nimegombana na watu wangapi kuyatetea maziwa ya mama dhidi ya makopo. Nikamwuliza kama ananiambia nimekosea. Akasema hapana, hakuna kinachoyashinda maziwa ya mama, Nadra asiache kunyonyesha, ila kwa jambo hili moja hayatoshi. Nani ataandika makala kwa sentensi kama hiyo? Ndiyo na hapana zimekaa kitanda kimoja.

Halafu nikamkumbuka binamu yetu Muhiddin wa Uroa, ambaye kwake sijapata kusikia habari za chupa. Nikampigia. Nilimtaka anisaidie kushinda.

"Wanao walipewa matone?"

"Matone ya nini?"

"Ya jua."

Akacheka mpaka nikadhani simu imekatika. "Kaka Mundhir, wanangu mimi nguo wamezijua walipoanza skuli. Nnawafukuza waingie ndani jua liwaache, wewe unawatafutia la chupa?"

Watoto wake miguu imenyooka kama minazi. Basi nani mwenye haki? Muhiddin na mimi, tuliosema jua la Unguja linatosha, au wewe uliyesema mtoto anaweza kulikosa? Ghaliya anasema wote. Anasema pia kwamba ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, na kwamba kuna watoto wanaoshiba jua na mifupa ikapinda kwa kukosa kalsiamu tu, kwa chai kavu na mkate. Kila nikipata nguzo ya kuegemea, daktari huyo anakuja kuitikisa, kwa adabu.

Jambo moja nitalipigania hata hapa nilipoanguka. Asinyanyuke mtu huko kwenu, wala huku, akasema buibui ndilo lililofanya haya. Mama yetu alivaa buibui tangu kuvunja ungo na mifupa yake ilikuwa ya chuma. Lakini mama yetu alikuwa na ua. Unaukumbuka ule ua wa nyumba ya Malindi? Ukiingia ndani buibui linatundikwa, na adhuhuri nzima wanawake wamekaa na gauni za mikono mifupi, wanasukana, wanapepeta, watoto uchi kwenye beseni la maji. Jua lilikuwa linaingia katikati ya nyumba kama mgeni mwenye heshima. Nyumba ile leo ni hoteli. Ua umewekewa paa la vioo na meza za watalii, na nimesoma kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kile kinachotakiwa na ngozi kinakizuia. Nadra anatoka nyumbani kwetu kwenye kichochoro kisichoona jua, anaingia ofisini kwenye kiyoyozi, anarudi magharibi. Ghaliya alimpima na yeye. Naye hana vitamini hiyo. Alimbeba mtoto tumboni hana, na akamnyonyesha hana.

Ninaamini hoja hiyo. Naiandika, kisha nainua macho naiona chupa. Kwani hata kama waliotunyang'anya ua ni wengine, aliyeificha chupa ni mmoja.

Sikiliza sasa, maana hili ndilo nililokaa kuliandika na nimelizunguka kurasa mbili. Hamid alipoleta mzigo wako, Nadra alikuwa bado ndani ya arobaini, mtoto ana wiki tatu. Mimi ndiye niliyeufungua. Niliona chupa, nikasoma karatasi yake, nikaitia kwenye mtoto wa meza yangu, chini ya makala zangu. Nilisema moyoni nitamwonyesha nikishamaliza kuandika jibu. Nadra akazipokea nguo na soksi, akazitikisa, akaniuliza, "Baba, shangazi hakutia dawa? Alisema atatia."

Nikamwambia, "Hakutia."

Neno moja. Nimeandika maneno mangapi katika maisha yangu kuwashitaki watu kwa uongo, Bahiya? Na hilo halikunitoka kwa woga wala kwa haraka. Nililisema kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika kiasi cha kuona ukweli si lazima.

Yeye akaona haya kukuomba mara ya pili. Wewe ukangoja ahsante, hukuipata, na najua uliumia, kwa sababu tangu hapo salamu zako kwake zimekuwa fupi. Juzi alipotoka hospitali alimwambia mama yake, nami nasikia kutoka chumba cha pili, "Shangazi angetia tu ile dawa. Lakini ana yake, simlaumu." Alipokutaja nilitaka kutoka nikaseme. Sikutoka. Niliyewapazia sauti mawaziri sikuweza kuvuka pazia la mlango.

Riyama ameanza dawa, ya kuponya, yenye nguvu kuliko hii ya kinga uliyotuma, pamoja na kalsiamu. Ghaliya anasema kwa umri huu mifupa mingi hujinyoosha yenyewe, lakini itachukua miezi, na hakuniahidi. Nilimbana aniahidi. Akasema, "Mwalimu, mimi si gazeti." Ukiniuliza leo naamini nini juu ya vitamini hii, nitakwambia mtoto mchanga apewe, mengine sijui. Neno "sijui" sijalizoea. Linakwaruza.

Msalimie shemeji, na uwabusu Zuleikha na Mkubwa kwa niaba ya mjomba wao. Mwambie Zuleikha picha yake ya theluji ipo ukutani. Mungu akuhifadhini katika ugeni wenu, aulainishe moyo wako juu ya ndugu yako na aikaze mifupa ya mtoto wetu.

Barua hii sitaipeleka posta mimi. Naiweka wazi mezani na chupa juu yake, na Nadra akirudi nyumbani nitamwambia aisome kabla ya kuifunga. Basi ikikufikia, ujue ameshajua.

Kwa hiyo nasema nanyi wawili. Bahiya, usinijibu mimi. Usinipigie, usinisamehe, wala usinitukane kwenye simu mbele ya watu. Mwandikie Nadra, umwambie ulituma. Na wewe Nadra, ambaye mkono wako sasa uko juu ya karatasi hii, nusu ya ukurasa huu nimeiacha tupu kwa makusudi. Kalamu iko pembeni. Mwandikie shangazi yako la kwako, liwe lolote, nami sitalisoma.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na aliyekosea,
Mundhir