Soko la Kupigiwa Picha

3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Baridi ya huko unaiwezaje? Mimi mzima, ila macho yananisumbua nikitunga uzi.

Wafadhili wenu wamefika. Juzi tingatinga limefagia vibanda vyetu vyote, cha muuza chai na changu pia. Afisa wa mradi ametuahidi soko la kisasa kabla ya mvua. Kwa sasa nashonea kando ya mtaro, chini ya turubai. Redio, jirani yangu muuza vyombo asiyefunga mdomo, anasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimemwambia anyamaze, mwanangu yumo ofisini kwao.

Mama yako

20 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini macho yana nafuu. Mwambie Redio asiwe na wasiwasi. Mchoro wa soko nimeuona: vyumba vya mafundi, taa, maji, vyoo. Kazi yangu hapa ni kuwaandikia wafadhili habari za miradi, na huu wa kwetu nauandika kwa fahari. Vumilia kidogo tu. Mvumilivu hula mbivu.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Salamu. Kama wewe u mzima, mimi nina hasira.

Soko limekwisha kujengwa tangu Mei. Linang'aa, na limetiwa kufuli. Eti linamsubiri mgeni rasmi, kigogo wa huko kwenu, aje alizindue. Msimu wote wa mvua tumeumalizia mtaroni. Vitambaa vya wateja vimeota ukungu, nimeomba radhi hadi sauti imekauka. Na askari wa halmashauri wanatufukuza, eti tunachafua mandhari ya soko. Soko letu!

Jumanne alikuja mpiga picha na watu wa mradi. Wakafungua mlango, wakanikalisha nyuma ya cherehani mpya isiyo hata na sindano. "Cheka, mama," akasema. Nikacheka, nikidhani ndiyo tumefunguliwa. Alipomaliza tukaswagwa nje kama mbuzi waliovamia shamba, kufuli likarudi mahali pake.

Mbivu ikifungiwa kabatini huoza, mwanangu. Nawe ndiye mwandishi wao. Umewaandikia nini?

Mama yako

2 Agosti

Shikamoo mama,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno matupu.

Picha yako wameibandika penye lango la ofisi, kubwa kuliko mtu. Chini yake pameandikwa: "Sasa nina duka langu." Hukuyasema hayo, na mimi sikuyaandika. Nilimwendea mkuu wangu. Akajibu, "Jengo limekamilika, ripoti imepokelewa. Kufungua ni shauri la watu wa huko."

Wiki iliyopita wafadhili walikutana. Picha ikaoneshwa, wakapiga makofi. Nikasimama. "Huyo ni mama yangu," nikasema. "Anashonea kando ya mtaro. Mlango huo umefungwa kwa kufuli." Mfadhili mmoja akauliza, "Ufunguo anao nani?" Hakuna aliyejua.

Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Sijaitwa. Lakini usimwombe mtu radhi, mama. Mimi siombi.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu wa haja,

Hujambo? Unakula lakini? Hasira bila chakula humla mwenyewe.

Barua yako niliwasomea wenzangu. Redio akasukuma vyombo vyake kando. Kisha akasema, "Mtoto amesimama kule, sisi tumekaa huku?"

Asubuhi yake tukamwita mchomeleaji, akalikata kufuli mchana kweupe. Afisa akaja mbio, jasho linamtoka. "Nani amewaruhusu kuingia?" Muuza chai akamjibu huku akipanga vikombe, "Si mmeandika kwamba tumo? Basi tumo."

Akatishia kuita polisi. Mpaka leo hatujawaona. Umeme hakuna, vyoo havina maji, na kwa hilo tunakwenda halmashauri kila Jumatatu mpaka watuchoke. Wakikufukuza huko, usirudi umeinamisha kichwa. Chumba changu hapa kinatosha watu wawili.

Jana mgeni rasmi alifika, mkasi wake umelazwa juu ya mto wa mahameli. Akakuta soko limejaa, watu wanabishana bei, hakuna aliyeinuka. Akauliza utepe wa kukata uko wapi. Nikamnyooshea gauni nililokuwa nalishona, utepe mwekundu umeizunguka shingo yote.

"Huu hapa, mheshimiwa," nikamwambia. "Ila ukitaka kuukata, msubiri mwenye gauni."

Mama yako