Mama Zawadi Kaezua Nyumba Yake

Njombe, Alhamisi jioni. Ukungu, manyunyu, na ile baridi yetu ya kuvaa soksi mbili.

Chai imepoa mezani sijaigusa. Nimeanza kuandika hapa mara kadhaa nikafuta, kwa hiyo acha niseme tu moja kwa moja: kuna mama mmoja Makambako ameezua nyumba yake kwa sababu ya somo langu.

Ameezua mwenyewe. Mabati yote.

Mnaonisoma hapa mnaijua kazi yangu. Nafundisha mipango miji chuoni, na muhula huu tunashughulika na maji ya mvua: yanatoka wapi, yanapita wapi, na mji upangwe vipi ili yasiingie ndani ya nyumba za watu. Mimi kufundishia ubaoni siwezi. Mwanafunzi anayechora bonde ambalo hajawahi kulikanyaga ananipandisha hasira, na hasira zangu wanazifahamu. Ndiyo maana wiki iliyopita nilikodi basi dogo, Kosta, tukashuka Makambako.

Tulichagua bonde lililo chini ya maegesho ya malori. Maji yote ya kule juu, ya kwenye lami na ya kwenye mapaa ya gesti, yanapita kwenye kalavati moja chini ya barabara na kumwagikia hapo. Zoezi lilikuwa kubuni bwawa la kuyapokea na kuyapunguza kasi kabla hayajaendelea bondeni. Mwenyekiti wa mtaa alitupokea vizuri, akatutambulisha kwa wakazi kuwa sisi ni wataalamu wa mipango miji. Sikumsahihisha. Wanafunzi walifurahi kuitwa wataalamu, na kusema kweli hata mimi nilifurahi kwa niaba yao.

Nikawaambia wapige vigingi pale ambapo ukingo wa bwawa ungefika. Baraka, ambaye ni hodari wa nyundo, alivipaka vichwa rangi nyekundu ili vionekane kwenye nyasi. Upendo akapita kwenye nyumba chache kufanya mazoezi ya kuhoji wakazi. Swali moja nililitunga mimi mwenyewe: kama ungehamishwa, ungependa uende upande gani? Darasani ni swali la kawaida kabisa. Kisha mvua ikatukuta, dereva akapiga honi, tukakimbilia gari. Vigingi vikabaki.

Kigingi chenye rangi nyekundu katika nchi hii kila mtu anajua kinasema nini: hapa patabomolewa. Na kila mtu anajua kwamba ukishawekewa alama unaezua mapema, kabla mashine haijaja kuyaponda mabati yako, kwa sababu tofali utafyatua tena lakini bati utalitoa wapi. Mimi nayajua haya. Nimezaliwa huku huku. Sijui wiki iliyopita akili yangu ilikuwa imekwenda wapi.

Leo tulirudi kumalizia vipimo. Kosta ilipokata kona ya mwisho, wanafunzi wakasimama kuchungulia madirishani. Nyumba ya Mama Zawadi, mmoja wa wale aliowahoji Upendo, ile ya chini kabisa bondeni, ilikuwa imebaki kuta. Mabati yamepangwa chini ya mparachichi, yamefungwa kamba vizuri. Kitanda, masufuria, gunia la mahindi, kuku kwenye tenga, vyote viko nje chini ya turubai.

Nikashuka kabla gari halijasimama vizuri.

Nilidhani tumemtisha. Mjane, mtu mzima, tumemjaza hofu mpaka kabomoa kwake kwa mikono yake. Kutoka garini hadi uani nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na kila nililopanga niliona halifai.

Ingekuwa heri kama tungekuwa tumemtisha.

Alitokea nyuma ya turubai amevaa kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri, mtu wa safari kabisa. "Kamwene," akatusalimu kwa Kibena, uso wote unacheka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, halafu akachungulia nyuma ya Kosta yetu, kulia na kushoto, akaniuliza kwa upole:

"Lori mmeliacha barabarani, mwanangu?"

Sikuelewa. Upendo ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona anaziba mdomo kwa kiganja na kugeukia pembeni.

Mama Zawadi hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anatusubiri; mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemwambia tunarudi leo. Alinishika mkono akaniingiza ndani ya zile kuta, akanionyesha mistari ya matope ukutani, mmoja juu ya mwingine, ule wa juu umepita usawa wa kitanda. Kila masika maji ya lile kalavati yanaingia kwake. Amesema kwenye mikutano ya mtaa hadi watu wakawa wanaguna akinyoosha mkono. Halafu siku moja wanakuja wataalamu, wanapiga vigingi mpaka dirishani kwake, na binti mmoja mpole anamuuliza angependa kuhamia wapi. Akajibu: kule juu, karibu na kanisa.

"Nikajua safari hii wamenisikia," alisema.

Akina mama wa jumuiya yake walikuja kumsaidia kushusha mabati. Na Jumapili, kwenye kanisa lao la Kilutheri, aliitwa mbele akaagwa. Kwaya iliimba. Kile kitenge kipya alichovaa walimpa wao, ili ahamie nacho.

Sijawahi kushtuka namna hii maishani. Nimeshapata ajali ya gari, nimeshapigiwa simu za misiba, lakini hili lilikuwa jipya. Nilitamani kuwe na mtu wa kumkasirikia. Hakukuwa na mtu.

Nikamwambia. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo kama lile, kwa hiyo nililisema vibaya, haraka haraka: kwamba sisi ni chuo, kwamba hawa ni wanafunzi, kwamba vile vigingi ni vya mazoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwangalia Baraka, kisha Upendo, kama anayehesabu upya umri wao.

"Kwa hiyo hakuna anayekuja," akasema. Hakuwa anauliza.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kazi ya wale vijana ni sahihi. Bwawa lao lingefanya kazi. Mstari wao unapita pale pale maji yanapofika, na darasani niliwasifia, nikasema ndio mchoro bora wa muhula. Ndani ya mchoro ule nyumba yake ni kiboksi kidogo chenye alama ya kuhamishwa. Nani atakihamisha, hakuna aliyeuliza, na mimi mwalimu wao sikuuliza.

Vipimo tukaviacha. Tulishinda tunaezeka. Manyunyu yakaanza tukiwa nusu, misumari ya zamani imepinda, matundu hayakubali kukutana. Baraka alilia juu ya paa waziwazi, anagonga huku analia, na nikamwacha. Vigingi aliving'oa Upendo peke yake bila kuambiwa. Tulipomaliza Mama Zawadi akafunua sufuria la viazi mviringo, vilivyokwisha kupoa, akatugawia. Alikuwa amewachemshia watu wa lori. Tulikula vyote, kwa sababu kukataa kungekuwa kumwongezea uchungu.

Wakati wa kuagana nikamwambia nitakwenda naye kanisani Jumapili. Wakati wa matangazo nitaomba nafasi, nitasimama, nitasema kosa ni langu na yeye hana lake. Nilidhani hilo litampunguzia aibu ya kurudi kukaa kati ya watu walioshamuaga.

Akanivuta pembeni ili vijana wasisikie.

"Usiseme ilikuwa ya kujifunzia, mwanangu. Nimeshaagwa. Sema safari imeahirishwa."

Nikasema, "Sawa, mama." Lilinitoka kabla sijafikiri, jinsi mtu anavyomwitikia mzazi.

Njia yote ya kurudi Njombe nilikuwa na neno lake hilo moja kichwani. Imeahirishwa na nani? Mpaka lini? Jumapili nitasimama mbele ya ile kwaya na kulitamka, na likishatoka mdomoni mwangu litakuwa ahadi, na mwenye ahadi ni mimi. Sina ofisi, sina kiwanja, sina lori. Nina mchoro wa wanafunzi.

Na mvua zenyewe ndiyo kwanza zinaanza.