Kaka Anaamini ni Jicho Langu, Kumbe ni Kalibu

Shangazi mpendwa, pokea salamu zangu na unisamehe kwa mwandiko, mkono huu umezoea nyundo kuliko kalamu. Nahitaji msaada wako, na nauhitaji kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mume mwema na watoto wawili, nyumbani kwangu kuna amani, kwa hiyo usidhani nakuletea yale ya kila wiki ya mume kupotea. Shida yangu ni chuma. Mimi na kaka yangu ni wahunzi wa mapambo, tulirithi karakana ya marehemu baba, tunatengeneza mageti, madirisha na reli za ngazi, hasa vile vipindo vinavyojiviringa ambavyo sisi tunaviita konokono. Kaka ananizidi miaka kumi na miwili na ndiye aliyenifundisha kila kitu, na yeye konokono huzipinda kwa jicho tu, anakitoa chuma motoni kikiwa chekundu, anakiweka juu ya fuawe, anagonga, anakiinua, anafumba jicho moja anakitazama, anagonga tena, basi, kazi imekwisha. Zangu mimi, mwaka wa tisa huu, hutoka moja nono, moja imekonda, na kaka hajawahi kunifokea hata siku moja.

Miezi miwili iliyopita tukapata kazi ya reli ya ngazi kwenye maktaba, konokono arobaini na nane, zote sawa, na wiki hiyohiyo mama mkwe wa kaka akalazwa hospitali, kaka na mkewe wakaenda kumwuguza, nikabaki peke yangu na ile kazi, na hapo, Shangazi, nikatengeneza kalibu. Kama huijui, ni konokono moja ya chuma kinene niliyoichomelea juu ya bamba, kisha kila chuma chekundu nakibana hapo na kukizungusha kama unavyozungusha kamba kwenye kigingi, kinatoka pacha wa mwenzake. Kuipata hiyo moja kulinichukua siku mbili, niliipinda na kuitupa mara saba mpaka roho ikaridhika, lakini baada ya hapo zote arobaini na nane zilikwisha kwa siku nne.

Kaka aliporudi nilikuwa nimeshaificha kalibu chini ya magunia ya makaa, maana yeye huwacheka wanaozitumia, husema hao hawafui, wanapiga chapa. Nilikusudia kumweleza kesho yake. Lakini alizichukua zile konokono, akazipanga sakafuni, akachuchumaa akazipapasa moja moja, kisha akasema, "Mdogo wangu, jicho la baba limekuja kwako." Mimi nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonifunga.

Sasa amewaambia wahunzi wote wa mtaa wetu, amemwambia hata mume wangu, ambaye anajua ukweli na hubaki akitazama dari, na zaidi ya hapo amepokea kazi ya geti la kliniki ya akina mama wajawazito na kusema geti hilo ni langu, yeye atakuwa msaidizi, na Jumamosi wahunzi wenzetu waje wanione nikipinda konokono ya kwanza kwa jicho. Ameufagia ua mwenyewe. Tangu baba atutoke sijamwona na furaha kama hii. Nijisingizie nimeumia mkono? Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia chuma kitamwambia mbele za watu. Na tena, nikisema kweli, sioni kosa la kalibu ni lipi, maana watu wa maktaba wamefurahi na mimi nimeipenda kazi yangu kwa mara ya kwanza. Nifanye nini?

Mhunzi Mwenye Siri

Shangazi anajibu:

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekunja uso.

Mkono usiouma usiufunge bandeji. Ukianza hivyo, wiki ijayo utaniandikia kuhusu mgongo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Kalibu haina kosa. Mimi si mhunzi, ila nyuma ya ofisi yetu yupo fundi wa mageti, nikaenda kumwuliza. Akaniambia vipindo arobaini vinavyofanana bila kalibu ni kujitesa, lakini kalibu hujua kipindo kimoja tu. Mteja akitaka jani linaloinama, hapo ni mkono na jicho. Basi mnahitaji vyote viwili. Halafu nikuulize: hiyo kalibu yenyewe uliipinda kwa kalibu gani? Uliipinda kwa jicho, ukaikataa mara saba bila mtu kukuambia. Jicho unalo. Ni changa, lakini unalo.

Ulipokosea ni kumwacha mtu mzima aende kukusifu mtaa mzima kwa jambo ambalo hukulifanya. Ukiumbuka Jumamosi, aibu itamwangukia yeye.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla moto haujawashwa, itoe hiyo kalibu, iweke juu ya fuawe, useme, "Kaka, nilizipinda kwa hii, nikaogopa kukuambia." Usiongeze "lakini". Akinuna, mwache anune, ana haki. Wale wahunzi waambie kwa kinywa chako. Kisha mwombe kaka yako mlifanye geti hilo wawili.

Wasomaji wangu, kwa kuwa Jumamosi ingefika kabla gazeti halijatoka, jibu hili nilimsomea mhunzi wetu kwa simu, na juzi amenipigia. Kaka alinuna siku mbili, akizungumza naye habari za makaa na maji tu. Siku ya tatu akabana chuma chekundu kwenye kalibu, akakizungusha, akafumba jicho moja akakitazama. "Mkia wake mnene," akasema, kisha akaukata na kuusawazisha mwenyewe. Jumamosi dada mtu akawaeleza wahunzi yote. Mmoja akacheka, na kaka akamwambia, "Cheka umalize, kisha utuonyeshe yako." Halafu dada akapinda konokono yake kwa jicho mbele yao.

"Ilitoka na tumbo, Shangazi," akaniambia. "Watu wakaiona, kaka akaiona, na hakuna aliyekufa."

Sasa majani ya geti wanayafua kwa mkono, konokono za pembeni wanazipinda kwa kalibu, na kaka ameshamwagiza dada atengeneze kalibu ndogo ya madirisha, ingawa hataki kuitaja kwa jina. Nikataka kumwuliza zaidi, akasema chuma chake kinapoa. Simu hakuikata, aliiweka tu mahali, nami nikabaki nikisikia nyundo mbili zikipokezana.